Urudishe Ule Mlio wa Ukumbini

Nasra mwanangu,

Salamu zangu utazipata kesho kwa mdomo, na mkono utanibusu kama kawaida yako, kwa hiyo humu sizitii. Umetoka na baba yako kwenda kuaga kwa shangazi zako, nami nimefunga mlango na kukaa kitako juu ya kitanda chako. Ndo kwanza nimesali Alasiri. Nina daftari lako la zamani la fizikia, zile kurasa za mwisho ulizoziacha tupu, na kalamu ya baba yako ya ofisini. Mie nimesoma mpaka fomu two, hilo unalijua kwa sababu nimekwambia mara nyingi, na mwalimu wangu alikuwa akiwaonesha wenzangu hati yangu. Utaisoma bila taabu.

Mambo ya kufua, ya kula, ya kusali kwa wakati, na nani wa kumpa namba yako ya simu, nayaacha. Shangazi zako wanakwambia hayo hivi sasa, kila mmoja kwa zamu yake, na wewe unaitikia naam. Mie nina jambo moja tu, na si la kukufundisha. Ni la kukuomba. Lakini siwezi kukuomba kabla sijalisema lote, maana nusu yake huijui, na hiyo nusu ndo mbaya.

Ni habari ya Bi Mize.

Najua ukifika hapa utataka kuikunja karatasi. Usiikunje.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu mjomba wako wa Maskati alipotuletea ile hom thieta. Wacha niisifu kidogo, nisipoisifu utadhani barua hii kaandika mtu mwengine. Mtaani kwetu hapa Wete kila nyumba ilikuwa na sabufa, na sabufa ni kitu cha kila mtu, hata muuza juisi anayo. Yetu ilikuwa na spika tano na besi lake. Mbili mbele, moja katikati chini ya televisheni, na mbili nyuma ya makochi juu ya vijiti virefu, kama wazee wawili waliochelewa kuja wakakosa pa kukaa. Mvua ikinyesha kwenye tamthilia, ilinyesha mgongoni mwako. Siku ya kwanza Bi Zuwena wa nyumba ya mbele aliinuka akataka kukimbia kuanua nguo zake. Hadithi hiyo niliisimulia katika harusi tatu, na kila harusi alikimbia mbali zaidi.

Ila yake ilikuwa moja. Taarifa ya habari ikimalizika na tamthilia ikiingia, mashine ilipiga pa, kama mtu kavunja ubao kwa goti, kisha krrr kidogo, kama mchele unamwagika juu ya bati, kisha sauti inakaa sawa. Nikiwa peke yangu mlio ule haukunisumbua. Mbele ya wageni ndo ulinichoma. Mtu umemwita aje kuona kitu kimetoka Maskati, na kitu chenyewe kinabweka. Baba yako alikaza nyaya zote. Akaja fundi, akapuliza vumbi, akala chakula cha mchana, akasema ni umeme huu wetu, akenda zake.

Sasa nataka niandike Bi Mize alikuwa nani, ingawa unamjua, kwa sababu mie ndiye niliyewasahaulisha watu.

Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwanamke akijifungua mtaani, Bi Mize aliitwa kabla hata ya mama mzazi wa huyo mwanamke. Siku arobaini alimkanda mzazi kwa maji ya moto, akamwosha mtoto, akamnyoosha viungo, akamtia wanja, akamrudisha kifuani kwa mamake ananukia mafuta ya nazi. Watoto wote waliokuwa wakicheza mpira mbele ya nyumba yetu walipita mikononi mwake. Wewe pia. Ulizaliwa na kichwa kirefu kama papai, usikasirike, na yeye ndiye aliyekipapasa kila asubuhi mpaka kikawa hicho kizuri unachokifunga mtandio. Nilikuwa nina miaka ishirini na moja, mwana wa kwanza, nalia kwa kila kitu, na yeye alikuwa akinambia, "Lia, Saada, lia, maziwa yanashuka ukilia." Sijui kama ni kweli. Yalishuka.

Jioni, akimaliza kuosha mtoto wa mwisho, alipita kwetu kutazama tamthilia. Alifika siku zote tamthilia ikianza. Hakupanga, kazi yake ilimalizika wakati huo. Hodi, na mashine pa.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akaitazama hom thieta kutoka chini mpaka juu, akasema, "Mashaallah, Bi Saada. Hili dude au gari?" Na pa, ikapiga, sote tukaruka, tukacheka, naye akacheka.

Alisema Mashaallah, Nasra. Nilimsikia vizuri na wewe ulimsikia, ulikuwa umekaa kwenye mkeka. Baadaye nilipowasimulia watu, nilisema alisimama mlangoni, akaitazama kutoka chini mpaka juu, akasema "Hili dude au gari", ikapasuka. Lile neno la kukinga husda nililitoa. Nililitoa kama unavyotoa jiwe kwenye mchele, bila hata kuangalia mkono unafanya nini, maana hadithi ilikwenda vizuri zaidi bila ya hilo.

Ilianza kwa mzaha. Tulikuwa uani kwa Bi Zuwena, tunamenya thomu kwa ajili ya harusi ya binti yake, wanawake kumi na kitu. Nikasema, "Mashine yangu imepata mwenyewe. Bi Mize akipiga hodi, inamwitikia."

Wakacheka. Bi Zuwena akauliza, "Inaitikia vipi, mwana we?"

"Pa."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Akikosa kuja, yakhe, inakaa kimya kama imefiwa."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo. Sikujua kuwa ni uongo, kwa sababu sikuwahi kusikiliza siku ambazo hakuja. Kicheko kikapungua. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Na yule mtoto wa mke wa mwalimu, aliyemwosha juzi, si kashikwa na homa?"

Nilikuwa naweza kusema kuwa watoto wote hushikwa na homa. Nilikuwa naweza kusema kuwa wewe hukushikwa, wala wa kwao. Niliendelea kumenya thomu, nikaona vichwa vyote vimenigeukia mie, vinangoja niseme nini. Mie niliyekuwa nikikaa karibu na mlango kwenye shughuli za watu, kwa kuwa mume wangu ni karani na si mfanyabiashara, siku ile nilisogezewa kigoda katikati. Nikasema, "Mie simsemi mtu. Lakini mashine haina chuki na mtu."

Maneno hayo niliyapenda sana. Niliyarudia mahala pengi.

Kuanzia hapo hatukuhesabu tena sawasawa. Akiingia ikipiga, tulisema kaitazama. Akiwa keshakaa, yakaja matangazo, ikapiga tena, tulisema bado anaitazama. Akiwa hayupo ikapiga, tulisema hiyo ya jana haijatoka. Hakukuwa na siku ambayo Bi Mize angeweza kushinda. Na jicho la husda, mwanangu, hapa kwetu halina hakimu. Mwizi ataulizwa kaiba nini. Huyu haulizwi kitu, anaepukwa tu, tena kwa adabu, anaamkiwa "shikamoo Bi Mize" huku mtoto anafunikwa kanga.

Mke wa hamali mmoja akajifungua, hawakumwita. Yeye akadhani wamekosa pesa, akaenda mwenyewe kuwaambia atamkanda bure. Wakamwambia mzazi kalala. Mwengine akajifungua, mkandaji akachukuliwa kwa gari kutoka Chake Chake, na Bi Mize yuko nyumba mbili mbele, maji yake yako jikoni yanachemka. Aliyachemsha kwa sababu alisikia mtoto analia. Hayo nilihadithiwa na Bi Zuwena, na nilicheka, Nasra. Nimejaribu kukumbuka kama nilicheka kwa aibu. Nilicheka tu.

Ile jioni ya baraza uliiona, ulikuwa dirishani. Tulikuwa wanawake sita tumekaa nje tunangoja tamthilia. Akaja amebeba sahani imefunikwa, mkate wa kumimina, bado wa moto. Nilikuwa nimeshawaambia wenzangu, leo nitamkatalia kuingia mbele yenu, nikaona siwezi kurudi nyuma.

Nikamwambia, "Bi Mize, leo usiingie. Ukumbi wangu unataka watu wenye macho mazuri."

Akacheka, akidhani ni utani. "Unanitania, Bi Saada."

"Sikutanii. Watu wote wanajua isipokuwa wewe."

"Wanajua nini?"

Akatutazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa, hata mie niliyesema. Nadhani hapo ndipo alipofahamu. Aliteremsha macho yake chini upesi, kama mtu aliyeingia chumbani akakuta mtu anavaa. Akaweka sahani barazani. Akasema, "Kuleni na watoto," akaondoka anatazama miguu yake. Mkate nilimwagia kuku.

Yaliyofuata wewe unayajua, lakini unayajua kwa upande wako.

Wenzangu walipokwenda zao ulinifuata ukumbini, rimoti mkononi. Ukanambia, "Mama, si Bi Mize. Njoo uone." Ukaweka idhaa ya habari, ukahamisha kwenye ile ya tamthilia. Pa. Ukarudisha. Pa. Ukahamisha tena. Pa. Ukanieleza, na nayakumbuka maneno yako mpaka leo kwa sababu uliyasema taratibu, kama unamfundisha mtoto wa chekechea: "Sauti ya habari inakuja kwa namna ya spika mbili. Sauti ya tamthilia inakuja kwa namna ya spika tano. King'amuzi kikihama kutoka namna hii kwenda ile, mashine inakuwa bado haijaijua, inaisoma makosa kwa nukta moja, ndo inapiga vile. Ingepiga hata kama nyumba haina mtu."

Nikakupiga kofi. Ulianguka juu ya spika ya nyuma, ile ya kushoto, na kijiti chake mpaka leo kimepinda.

Hii sasa ndiyo nusu usiyoijua. Siku mbili baadaye nilikusikia unamwambia baba yako, "Mama hakufahamu. Si kosa lake, hajui mambo ya mashine." Ulikuwa unanitetea, na shavu lako bado lina vidole vyangu. Miaka sita umeishi ukidhani mama yako ni mjinga. Mie nilifahamu. Nilifahamu ulipobonyeza mara ya pili, kabla hujaeleza chochote. Nilikupiga kwa sababu nilifahamu. Kama ningekuwa sifahamu ningekucheka, nikakwambia nenda kalale.

Kisha nikakwambia, "Itengeneze. Na ukimwambia mtu nitakutoa ulimi." Ukalia na ukatengeneza, huku unafuta machozi kwa mkono na mkono mwengine uko kwenye rimoti. Uliingia kule kwenye orodha ya sauti, ukaiamrisha itoe namna moja tu siku zote, ile ya spika mbili. Ukanijaribia. Habari, tamthilia, habari. Kimya. Ukaenda kulala bila kula.

Kesho yake wanawake walikuja. Taarifa ikamalizika, tamthilia ikaingia, mashine haikusema kitu. Bi Zuwena akanishika goti. "Umeona, Bi Saada? Umemkatalia jana, leo imepona."

Wote wakanitazama. Nilikuwa na jawabu mdomoni: kaitengeneza Nasra. Maneno mawili. Nikasema, "Mie nimeshawaambia, mashine haina chuki na mtu."

Kwa hiyo usidhani Bi Mize alimalizwa na ule mlio. Mlio ulikuwa tetesi, na tetesi ingekuja kufa. Alimalizwa siku mashine iliponyamaza. Kazi ya mikono yako mizuri, ya kwanza maishani mwako, nikaichukua nikaifanya ushahidi wa uongo. Hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko kofi. Kofi nililipiga kwa hasira, na lile lengine nililifanya nikiwa nimetulia, nimekaa, nina kikombe cha chai mkononi.

Alikaa miezi minane zaidi, kisha akahamia Makangale kwa mwanawe Khatibu. Siku walipopakia vyombo nilikuwa ukumbini. Niliongeza sauti nisisikie gari inavyowaka.

Tangu uitengeneze, zile spika mbili za nyuma hazijatoa sauti. Uliniambia zitakufa ukiiweka hivyo, nikasema nazife. Mvua haijanyesha tena mgongoni mwetu. Wageni wanapokuja nawaonesha spika tano, nawaambia zimetoka Maskati, na najua mbili ni mapambo. Miaka sita nimekaa mbele yao. Na wewe tangu siku ile hujakaa nami ukumbini kutazama kitu. Ulikuwa unasoma chumbani, nikawaambia watu binti yangu anapenda kusoma. Nikajisifu na hilo pia.

Utauliza kwa nini leo. Sikutubu mwenyewe, nisijipambe. Barua yako ya chuo ilipokuja, chuo cha ufundi Dar es Salaam, mambo ya umeme na mashine, unajua nilivyofanya. Nilitembea mtaa mzima, nikarudi nikatembea tena kwa waliokuwa hawapo. Nilimwambia muuza samaki kuwa mwanangu anapanda ndege Chake, si boti. Nikafika kwa Bi Zuwena, akaniuliza, "Na huyu mtoto kajifunza wapi mambo haya, mbona kwenu hakuna fundi?" Nikafungua mdomo kwa furaha. Nikasema, "Kaanza na hom thieta yangu, alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, akai—"

Akangoja. Nikasema kichwa kinanigonga, nikarudi nyumbani.

Fikiri. Sifa yako kubwa kuliko zote, na mie mama yako ninayejua kusifu kuliko mtu yeyote hapa Wete, siwezi kuitamka. Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira, na hasira ilikuwa ya kujisifu, si ya huruma. Huruma ilikuja nilipofika Makangale.

Nilikwenda wiki tatu zilizopita, nikakwambia nakwenda kuangalia mikarafuu ya babu yako. Nilimkuta Bi Mize nyuma ya nyumba ya mwanawe, amekaa juu ya kibao cha mbuzi, ameupa uwanja mgongo, uso ukutani, anakuna nazi. Nyuma yake mjukuu wake wa miezi mitano yuko kwenye jamvi. Mtoto alikuwa akimwita kwa zile sauti zao, naye anamwimbia, mwimbo mzuri, bila kugeuka.

Nikamwamkia. Akaijua sauti. Hakugeuka pia.

"Bi Saada. Karibu. Nasra hajambo?"

"Hajambo. Anakwenda chuo Dar."

"Mashaallah," akasema. "Mashaallah, Mashaallah." Mara tatu, harakaharaka, kama mtu anayefunga mlango na komeo zote.

Nikamwambia. Nimesimama vilevile, mtandio mkononi. Nikamwambia habari na tamthilia, spika mbili na spika tano, kofi, na Bi Zuwena na goti langu. Nikamwambia huna jicho, Bi Mize, hukuwahi kuwa nalo, nilijua tangu usiku ule ule.

Aliendelea kukuna mpaka nazi ikaisha. Kisha akasema, "Mbona ilinyamaza nilipoondoka?"

"Nasra aliitengeneza."

"Mtoto wa miaka kumi na mitatu."

"Ndiyo."

"Na fundi wa watu wazima ilimshinda." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Umekuwa mwema, Saada. Ahsante. Lakini usinifariji. Mie mwenyewe nilikuwa sijijui mpaka uliponambia. Nilipokaa nikafikiri, nikawakumbuka. Mtoto wa Asha aliyekufa siku ya tisa. Pacha wa kule bondeni. Niliwatazama sana wale, walikuwa wazuri. Miaka thelathini nilikuwa sijui wamekufa na nini."

Nasra, nilitaka ardhi inifunike. Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi kwa kumvunjia jina, nikamkuta amekaa peke yake na maiti za watoto wa watu, nilizomkabidhi mie, anazihesabu. Huyo mjukuu hajamtazama uso tangu azaliwe. Humwosha akiwa amejifunga kitambaa machoni. Mkaza mwanawe alinambia wakati wa kuondoka, "Mwanzo tulimwambia aache. Sasa tumezoea."

Nilimshika miguu. Akasema amenisamehe, amenisamehe zamani, na hilo halikunisaidia kitu. Anamsamehe mtu aliyemwambia ukweli. Kwake yeye mie ndiye niliyemfumbua.

Sasa naja kwenye ombi langu.

Kesho saa tatu asubuhi wanawake watakuja kunywa chai ya kukuaga, wale wale wa barazani, nimewaalika wote sita. Ndege yako ni saa nane mchana, kwa hiyo hakuna haraka. Na Bi Mize atakuja. Khatibu atamleta kwa bodaboda. Nimemwambia mgongo wangu unaniuma nataka anikande, na mgongo kweli unauma. Alikubali kwa sharti. Alisema, "Wewe umeshazeeka, Saada, jicho halina cha kuchukua kwako. Lakini Nasra asinipitie mbele. Anasafiri."

Nataka uurudishe ule mlio.

Mie siwezi. Nimejaribu juzi na jana ulipokuwa sokoni, nimeingia kwenye orodha hiyo, nikaharibu rangi, sasa watu wote kwenye televisheni ni kijani, utaona. Wewe unajua uligusa nini. Ifungue uiache kama ilivyokuwa ilipotoka kwenye boksi, ihame yenyewe kutoka namna hii kwenda ile, na ipasuke. Nataka ipasuke kwa nguvu kama siku ya kwanza. Kisha nitamkalisha Bi Mize kwenye kochi langu mbele yao wote, kitambaa chake machoni kama anavyopenda, rimoti mkononi mwake, na wewe utaongoza kidole chake. Habari. Tamthilia. Habari. Ataisikia inapiga naye haoni kitu. Kisha utamtoa nje mpaka barabarani, nami nitabonyeza, na atasikia kutoka huko huko ikipiga bila yeye. Tutafanya hivyo mara hamsini ikibidi. Kisha utaitengeneza tena mbele yake, polepole, umueleze kama ulivyonieleza mie, na ataona inavyonyamaza naye yumo ndani.

Sijui kama itamtosha. Miaka sita ni mingi na watoto wale ni wengi. Lakini mie maneno yangu aliyaamini yalipokuwa ya uongo, na sasa ya kweli hayaamini, kwa hiyo sina tena cha kutumia isipokuwa mashine na wewe.

Na kabla hujabonyeza kitu, mie nitasimama niseme kuwa nilijua. Nitalisema lile neno la mlangoni nililolitoa. Nitasema na kofi. Najua Bi Zuwena atakavyoniangalia, na najua kesho kutwa hadithi itakuwa mitaa yote, na kila atakayeisimulia atanifanya mbaya zaidi, maana hivyo ndivyo hadithi zinavyokwenda vizuri. Nitarudi kukaa karibu na mlango. Wewe utakuwa Dar, na mtu wa Wete akikutana nawe huko atakwambia, "Wewe si ndo mwana wa Bi Saada?" Nakuomba radhi kwa hilo mapema. Umwambie ndiye.

Huna deni la kunisaidia. Ukiona mama huyu hastahili, iache mashine kama ilivyo, kunywa chai yako, nenda na salama. Sitakuuliza na nitakubusu vilevile. Wanawake watakuja na nitasema, iwe inapiga au haipigi, ila Bi Mize atarudi Makangale na kitambaa chake.

Akija, mpitie mbele. Usimwogope na usikubali akugeuzie mgongo. Mshike uso umwelekeze kwako, kama alivyokuwa akikushika wewe.

Rimoti nimeifunga ndani ya barua hii, chini ya mto wako. Nimeitia betri mpya. Kesho baada ya Alfajiri nitakuwa jikoni nachemsha maziwa, mlango wa ukumbini nitauacha wazi, nami nitakuwa nasikiliza.

Mamako,
Saada